Uzi wa Chumba cha Uzazi

Sifa na shukrani ni zake Mungu, anayetufuma gizani tumboni mwa mama zetu na kuijua mifupa yetu kabla mkunga hajatugusa. Amenipa miaka mingi kuliko niliyoiomba. Amenipa macho ya kuwaona wajukuu, na kumbukumbu ambayo bado haijanitoroka. Kwa msaada wake naandika habari ya mjukuu wangu mmoja, na hofu iliyonishika alipozaliwa. Sijawahi kuogopa vile, hata ile miaka ambayo magari yalipita kwenye msitu wa Biharamulo yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi.

Mimi ni mkulima wa Ntobeye, wilaya ya Ngara. Nimelima migomba na maharage, nimefuga mbuzi, na kwa muda mrefu nimekuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa wanaojiandaa kubatizwa. Binti yetu wa mwisho aliolewa Runazi, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Kijana aliyemwoa alibatizwa akiwa shuleni. Baba yake anafuata njia za wazee wake, lakini ni mtu ambaye akikuahidi jambo unaweza kulala usingizi.

Kwetu mtu haozi binti bila kuulizia ukoo. Nilimtuma dada yangu akakae Runazi kwa marafiki, asikilize. Nao walimtuma mtu wao akaja Ntobeye, akajifanya anatafuta miche ya migomba. Sote tulijua amefuata nini, tukamkaribisha pombe ya ndizi. Huwa wanauliza habari za kifafa, ukoma, wazimu, na nyumba ambazo watoto hawakui. Majibu yalikuwa mazuri pande zote mbili. Habari za vidole hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza?

Binti yetu alipokaribia kujifungua, mke wangu alikwenda Runazi kumsaidia. Siku mtoto alipozaliwa alinipigia simu akasema ni wa kiume na mama yake ni mzima. Nikamuuliza mtoto anafanana na nani. Akasema mtandao unasumbua, akakata. Siku chache baadaye alipiga tena, sauti yake chini kama ya mtu anayeongea msibani.

"Mzee, njoo," alisema. "Mtoto ana vidole sita. Kila mkono. Wanasema si wa kwao."

Nikamwambia vidole sita si dhambi. Akajibu kwamba si hilo. Kuna mnunuzi wa maharage anayekuja gulioni Runazi na gari lake, kijana mcheshi ambaye wanawake wote wanamuuzia. Ana kidole cha sita, kinaning'inia pembeni ya kidole kidogo, na anapopima maharage watu hutania kwamba anaiba kwa kidole kile. Binti yetu naye alimuuzia maharage, msimu hadi msimu. Sasa hata watoto kisimani walikuwa wanamwita mjukuu wetu "Mnunuzi". Ukoo wa mumewe ulikuwa umesema mtoto hatapewa jina lao mpaka maneno yakae sawa, na yasipokaa, mama na mtoto warudi Ntobeye.

Niliondoka asubuhi yake. Garini nilishika tasbihi ya mawazo isiyokuwa na mwisho. Kwanza niliitazama mikono yangu. Nikakumbuka ya baba yangu, ya ndugu zangu, ya mama mkwe wangu, nikitafuta kidole ambacho labda nilikisahau. Hakikuwepo. Kisha nikakumbuka kwamba Maandiko yanataja jitu moja la vita, adui wa watu wa Mungu, lenye vidole sita kila mkono. Nilikuwa nimelisimulia darasani mara nyingi na watoto wakacheka. Siku ile garini sikucheka. Niliwaza kwamba kama mimi nimelikumbuka, kuna mwingine kule Runazi atalikumbuka pia, naye atalisema mbele ya binti yangu.

Lakini hofu kubwa haikuwa ya jitu wala ya ukoo. Niliogopa kwamba nitamtazama mwanangu usoni na moyo wangu utauliza swali lile lile wanalouliza wao.

Nilipofika, binti yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani ya nyumba yake, mtoto mapajani. Aliniamkia bila kuinua kichwa. Nikaitikia, nikaketi, nikampokea mtoto. Alikuwa mzito, mwenye nywele nyingi. Kile kidole cha ziada kilikuwa kidogo kama punje ya harage la kijani, chenye ukucha wake kamili, kimeshikwa na ngozi nyembamba. Alipokunja ngumi, vilibaki nje vyote viwili, kimoja kila upande.

"Baba, hujaniuliza," binti yangu alisema.

Nikamwambia sijaja kuuliza, nimekuja kumwona mjukuu. Alilia, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba alikuwa ameinamisha uso, hakuona jinsi nilivyokuwa naogopa.

Mume wake hakuwepo. Mke wangu alinieleza kwamba kijana alikuwa anashinda machungani na kulala upande wa baba yake, na kwamba hajampakata mtoto tangu aonyeshwe ile mikono. Akaniambia pia kwamba jirani mmoja alikuja na uzi mweusi, akataka kuvifunga vile vidole vikauke na kudondoka, maneno yaishe. Mke wangu alikataa. Alimwambia wakivifunga sasa itaonekana tunaficha kitu.

Asubuhi tulimpeleka mtoto zahanati kwa chanjo. Muuguzi pale ni mama mnene mpole mwenye kupenda kuongea, na alipoiona mikono ya mtoto hakushtuka hata kidogo. Alisema anaviona vidole vya namna ile mara kwa mara. Akamsifu mke wangu kwa kuukataa uzi, maana uzi wa nyumbani unaweza kuleta damu au pepopunda. Akatuagiza tumpeleke mtoto hospitali akikua kidogo, vitolewe vizuri. Ndipo nilipomuuliza, kwa aibu, vidole vile vinatoka wapi.

Aliniuliza kama nalima maharage. Nikacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Akasema nimchukulie kila mzazi kama mtu aliyefumba kiganja chenye punje mbili kwa kila jambo la mwili: punje mbili za rangi, mbili za nywele, mbili za vidole. Mtoto anapotungwa, baba anatoa moja bila kuitazama na mama anatoa moja bila kuitazama. Mtoto naye anabaki na mbili, moja ya huku na moja ya huku. Kuna punje ambayo hata ikiwa peke yake inaonekana. Kuna nyingine inalala kimya mpaka ikutane na mwenzake wa aina ile ile.

Hapo nilimwelewa kupitia mbuzi wangu. Niliwahi kuwa na beberu mweusi na jike mweusi, na zizi langu halikuwa na beberu mwingine, wala majirani hawakuwa naye. Wakazaa mtoto mweupe kabisa. Weupe ulikuwa umelala kwa wote wawili ukisubiri. Tulishangaa, tukacheka, na hakuna aliyemwita yule jike kikaoni.

Muuguzi akasema kidole cha sita mara nyingi ni cha punje inayoonekana hata ikiwa moja. Kwa hiyo mara nyingi mzazi mmoja anacho, au alikuwa nacho. Si kila mtoto wake atakipata, kwa sababu mkono uliofumbwa unaweza kutoa punje ile au nyingine. Mara chache hupita kwa mzazi bila kuonekana. Na wapo watoto wanaozaliwa nacho, ukitafuta pande zote mbili humpati mwenye nacho hata mmoja.

"Mzee, kule kwa baba wa mtoto hakuna aliyefungwa uzi utotoni?" aliniuliza. "Uzi unaondoa kidole tu. Punje hauigusi. Tazama pembeni ya kiganja, huwa panabaki kialama."

Nilitoka pale na mambo mawili kichwani. La kwanza lilinipa matumaini. Mbuzi wangu wote nawakata ncha ya sikio la kushoto kuwa alama yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaa mtoto mwenye sikio lililokatwa. Kinachokatwa mwilini hakikatwi kwenye uzao. Nililiona jambo hilo maisha yangu yote na sikuwahi kuliwaza. La pili lilinitia hofu mpya. Kama nitaitafuta alama ile kwa mkwe wangu nisiione, nitakuwa nimewapa ushahidi wa kumfukuzia mwanangu, hali muuguzi amesema wazi kwamba kukosekana si ushahidi wa lolote. Nani angekaa kunisikiliza nikieleza hilo?

Basi sikumwambia mtu. Hata mke wangu sikumwambia.

Jioni ile, jua bado liko juu, baba mkwe wa binti yangu alituita. Alikuwa amechinja mbuzi, maana hata kwenye maneno mabaya mgeni hanyimwi chakula kwao. Tulikaa uwanjani, mbele ya zizi. Mke wangu na binti walibaki ndani, kama desturi inavyotaka mama mkwe asikae na mkwewe wa kiume. Kijana alikuja, akaniamkia huku akitazama chini. Mwanamke pekee aliyekaa nasi alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, ambaye katika ukoo ule hakuna jambo linaloamuliwa bila yeye. Ndiye aliyekuwa amesema mtoto asipewe jina. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

Alianza yeye. Alisema hawana ugomvi na mimi, kwamba binti yangu ana adabu na analima vizuri. Lakini kila ukoo unajua viungo vyake, na kwao, tangu Shinyanga mpaka Runazi, hakuna mtu mwenye vidole sita.

"Kwenu je, mkwe?" aliniuliza.

Nikasema hata kwetu sijamwona.

"Basi vimetoka gulioni," alisema, na kaka yake akamtazama kwa ukali kidogo, lakini hakumkanusha.

Chakula kikaletwa. Nilitaka kuishika mikono ya yule kijana, na sikujua njia. Baba mkwe huwezi tu kumkamata kijana wa watu mkono ukaukagua kama kwato za ng'ombe. Ndipo nikaomba, kwa heshima yao, niruhusiwe kusali kabla hatujala, na nikaomba tushikane mikono kama tunavyofanya kwetu. Yule mzee alisema sala haijawahi kumuumiza mtu. Tukashikana. Kuumeni kwangu alikuwa kijana, kushotoni shangazi.

Nilifumba macho nikaanza kumshukuru Mungu kwa mvua na kwa ng'ombe. Huku nikisema, vidole vyangu vya mkono wa kulia vilikuwa vinatembea polepole pembeni ya kiganja cha mkwe wangu, chini ya kidole chake kidogo. Kulikuwa na sugu za jembe na fimbo. Nilipita, nikarudi. Ngozi ilikuwa laini, bila kitu. Nikaomba kwa ajili ya wagonjwa. Nikarudi tena. Hakuna kitu. Nikaomba kwa ajili ya viongozi wa nchi, na jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Nilijua nina mkono mmoja tu wa kijana, wa pili umeshikwa na baba yake, na sala haiwezi kuendelea mpaka giza liingie. Sijui kama ile ilikuwa sala. Hofu yote ya safari ilinirudia, nikakaza mikono yote miwili kama mtu anayezama.

Na nilipokaza, mkono wangu wa kushoto ukagusa kitu.

Kilikuwa pembeni ya kiganja cha shangazi, chini ya kidole kidogo. Kidogo, kigumu, cha mviringo, kama punje iliyosahaulika chini ya ngozi. Nikasema amina kabla sentensi haijaisha.

Wote waliachia mikono isipokuwa mimi. Bado nilikuwa nimemshika shangazi, naye alikuwa ananitazama kama anayejiuliza kama nimepata kiharusi.

"Shangazi," nilimwambia, "hapa pana nini?"

"Pana chunjua," alisema. "Niachie mkono, nyama inapoa."

Nikamuuliza ameipata lini. Akasema anayo tangu anajijua, kabla hajaota meno, na kwamba dawa zote za chunjua zimeshindwa. Kaka yake akacheka. Alisema hajawahi kusikia mtoto wa kunyonya anaota chunjua. Kisha akaacha kucheka. Niliona macho yake yanashuka kwenye mikono yake mwenyewe, na akaiingiza ndani ya shuka lake.

Nikawaeleza aliyosema muuguzi, polepole, kwa punje na viganja. Nikawaeleza habari ya mbuzi wangu na masikio yao, na hilo walilielewa haraka kuliko mimi, kwa sababu nao wanawatia ng'ombe wao alama ya moto, na ndama hazaliwi na alama. Kisha nikamwomba mkwe wangu anionyeshe mkono wake wa kulia. Aliutazama yeye kwanza. Akauleta kwenye mwanga. Pembeni palikuwa na kialama cheusi kama jicho la harage, cha kupita bila kuonekana na mtu asiyejua anatafuta nini.

Shangazi alikuwa anakwaruza chunjua yake kwa ukucha, kana kwamba ataiondoa sasa.

Mama yao wale wawili, yaani bibi wa kijana, bado yu hai. Anaishi Nemba kwa mtoto wake mwingine. Walikuwa wamemficha habari ya mtoto, wakisema uzee wake hautaibeba aibu ile. Sasa yule mzee alimpigia simu, akaweka sauti kubwa, akamuuliza bila kuzunguka kama aliwahi kumfunga mtoto yeyote uzi mkononi.

"Yupi?" sauti ya bibi ilisema. "Wewe nilikufunga mikono yote miwili. Dada yako mmoja. Huyo kijana wako tulimfunga mimi na mama yake, Mungu amrehemu. Kwani kuna nini?"

"Mbona hamkusema?" mzee aliuliza.

"Mliniuliza? Na mwanaume anatafuta nini chumba cha uzazi? Mnaingia kitovu kimeshadondoka, na kidole kimedondoka, mnapewa mtoto msafi, mnaanza kujisifu amewafanana."

Shangazi akasema kwa ukali kwamba yeye si mwanaume, angeambiwa. Bibi akamjibu kwamba yeye aliolewa mbali, na alizaa watoto wasio na vidole hivyo, kwa hiyo uzi haukuhitajika. Akauliza tena kuna nini. Yule mzee akamwambia amepata kitukuu wa kiume. Tulisikia vigelegele vya mwanamke mzee sana, vyembamba, vikikatika kwa kukosa pumzi.

Ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wa ukoo ule waliona kidole kile kizazi baada ya kizazi, wakakifunga na kunyamaza, na wanaume wakaapa kwa ukweli wa mioyo yao kwamba hakipo. Uzi ulikificha, wala haukukimaliza. Nao kwa kiapo kile walikaribia kumfukuza mke na damu yao wenyewe.

Yule mzee aliagiza aletewe mtoto. Binti yangu alimleta, akasimama mbali kidogo. Mzee akampokea, akatoa mikono yake nje ya shuka, na kwa mara ya kwanza tukaiona karibu, alama pande zote mbili. Akaweka kiganja cha mtoto juu ya chake. Akampa jina la baba yake mwenyewe. Kijana alikuwa analia bila kujificha. Shangazi aliinuka, akaenda kwa binti yangu, akamwambia, "Mwanangu, mimi ni mzee na nimesema ujinga." Kisha akatangaza kwamba atakayemwita mtoto "Mnunuzi" kesho kisimani ataonana naye. Tukala nyama iliyokwisha kupoa.

Siku ya kuondoka, binti yangu alinisindikiza hadi barabarani, mtoto mgongoni. Mumewe alibeba mfuko wangu akatangulia, na nilimwona anageuka kila hatua chache kumtazama mwanawe. Nilikuwa nimejaa shukrani, naongea mambo mengi. Binti yangu akanikatiza.

"Baba, na kama shangazi asingekuwa na ile alama?"

Nilimwambia ningemchukua yeye na mtoto, tungerudi Ntobeye, chumba chake kipo. Akatikisa kichwa, akaendelea kunitazama, maana hilo silo alilouliza; aliuliza kama ningemwamini. Alikuwa sahihi. Muuguzi alikuwa amesema wapo watoto wanaozaliwa hivyo bila mwenzao hata mmoja kwenye koo zote mbili, na mama zao hawana kosa lolote. Hao hawana chunjua ya shangazi ya kuwatetea. Wana neno lao tu. Gari likaja kabla sijampa jibu lililonyooka, nikapanda nikaondoka, na hofu ile bado ninayo. Kila jioni nawaombea wanawake nisiowajua, wenye watoto wasiofanana na mtu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki katika yanayoonekana mwilini mwako na yaliyolala. Awabariki waliokupa punje zao bila kuzitazama, na utakaowapa zako vivyo hivyo. Akupe nyumba ambayo neno lako linaaminika kabla mikono haijakaguliwa, na akupe moyo wa kuliamini la mwenzako. Amina.